Seti za chuma za kuunda mwenyewe: ya bolti, ya kukunja, au ile ya skrubu ndogondogo?

Kabla hatujaenda mbali, ukitaka kuchagua seti ya chuma ya kuunda mwenyewe usianze na picha ya kwenye boksi, maana picha zote zinavutia, kuna lori, kuna nge, kuna mnara, kuna ndege, utataka zote. Jiulize hivi: siku nikikosea itakuwaje? Na utakosea, mi mwenyewe nakosea mpaka leo. Kuna seti ukikosea unalegeza nati, unarudi nyuma hatua tatu, maisha yanaendelea. Kuna nyingine ukikosea umekosea, kipande kimekatikia mkononi na hamna cha akiba. Afu kuna zile za skrubu ndogo kama punje ya mtama, hizo kufungua unaweza ila roho itakutoka.

Nimeshaunda za aina zote tatu. Za bolti nyingi tu, za kukunja kama kumi hivi, za skrubu ndogo mbili, na moja ya hizo mbili haijaisha, ntaeleza kwa nini.

Ya bolti na nati

Hii ndo bibi wa zote. Frank Hornby wa Liverpool aliichukulia hataza mwaka 1901, mwanzoni ikaitwa Mechanics Made Easy, jina la Meccano likaja 1907, na siku hizi watu wanaita Meccano seti yoyote yenye flatibaa za matundu (vile vipande vya chuma virefu bapa) hata kama imetengenezwa na mtu mwingine kabisa. Marekani walikuwa na Erector ya A.C. Gilbert, Ujerumani kuna Eitech, Ucheki kuna Merkur. Wazo ni lilelile: flatibaa ndogondogo, engo, sahani za bati, magurudumu, ekseli, gia, vyote vina matundu yaliyopangwa kwa umbali mmoja usiobadilika, wewe unafunga kwa bolti na nati unavyotaka.

Sasa huo umbali wa matundu ndo kila kitu na ndo watu wanapopigwa. Meccano ni nusu inchi, yaani 12.7 mm kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu linalofuata. Merkur na Eitech ni 10 mm. Chukua flatibaa mbili zote za matundu matano, ya Meccano toka tundu la kwanza hadi la mwisho ni 50.8 mm, ile nyingine ni 40 mm. Ukizilaza juu ya mwenzake tundu la kwanza linakutana, la pili limeshakimbia. Kwa hiyo ukianza na familia moja baki nayo, usije ukanunua boksi dogo la huku na boksi dogo la kule ukidhani utajumlisha.

Na nati nazo. Boksi za zamani za Meccano zinatumia hesi (ile mistari inayozunguka bolti) za Whitworth, kipimo cha zamani cha Waingereza, za 5/32 ya inchi, mpya nyingi ni M4, kipimo cha milimita. Kwa macho ni kitu kimoja, ile ni 3.97 mm na hii ni 4 mm, nani ataona tofauti hiyo? Mi sikuona. Nilipata sandukuni mchanganyiko wa zamani na mpya, nikavisha nati ya M4 kwenye bolti ya zamani, ikaingia mzunguko wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, wa tatu ikakaza, nikasema hii kutu tu, nikaongeza spana, nikaongeza tena, kumbe naua hesi. Hatua ya hesi, yaani umbali toka mstari hadi mstari, kwa ile Whitworth ni kama 0.79 mm na za M4 ni 0.7 mm, kwa hiyo mizunguko miwili ya kwanza zinavumiliana afu zinaanza kugombana. Siku hizi nikikuta mchanganyiko nakaa nazitenga kwanza kwenye vikopo viwili, na kanuni yangu ni kwamba nati inayokataa vidole haipelekwi kwenye spana.

Raha ya seti hii inaanza pale unapogundua inakufundisha vitu bila kukwambia. Funga flatibaa nne upate mraba, bolti moja kila kona, kaza uwezavyo. Ushike kwenye kona mbili usukume. Unalala! Unakuwa kama karatasi iliyokanyagwa, na hata ukaze mpaka vidole viwe vyekundu bado utalala. Weka flatibaa moja ya mshazari, umegeuza mraba kuwa pembetatu mbili, sasa hausogei. Basi, ndo maana kreni na madaraja na minara ya umeme yamejaa pembetatu, na umelijua hilo kwa vidole vyako. Na ukitaka kona ya mraba kamili bila kipimo, hesabu nafasi za matundu tatu upande mmoja, nne upande mwingine, afu mshazari uwe wa nafasi tano, kona inakuja nyuzi 90 yenyewe. Angalia nimesema nafasi, sio matundu, nafasi tatu ni matundu manne, nilishawahi kuhesabu matundu nikapata kona ya ajabu nikabaki kulaumu chuma.

Gia nazo zinakaa kwenye hesabu hiyohiyo. Gia ya Meccano ya meno 57 na pinioni, yaani gia ndogo, ya meno 19 zinakutana sawasawa ukiweka ekseli zake nafasi mbili za matundu, yaani inchi moja, na unapata tatu kwa moja. Ongeza jozi nyingine ya namna hiyo kwenye ekseli inayofuata, ni tisa kwa moja, mota ndogo ya betri iliyokuwa inalia kama mbu sasa inanyanyua kilo bila kelele. Kitu kingine wasichokiandika kwa herufi kubwa: kiungo kinachotakiwa kuzunguka usikifunge kwa nati moja. Ukikaza hakizunguki, ukilegeza baada ya dakika kumi nati iko chini ya meza. Unaweka nati mbili, ya kwanza unaisogeza mpaka kiungo kinacheza kidogo, ya pili unaikaza dhidi ya ile ya kwanza huku umeishika ya kwanza isizunguke. Unahitaji spana mbili na uvumilivu, ila ukishajua hiyo umehama darasa.

Afu ndo seti pekee ya hizi tatu ambayo imeshafanya kazi ya ukweli. Mwaka 1934 Douglas Hartree na Arthur Porter kule Chuo Kikuu cha Manchester walijenga kwa Meccano mashine ya kutatua milinganyo ya difrensho (hesabu za vitu vinavyobadilika), enzi ambazo kompyuta unayoijua wewe haipo. Na Krismasi ya 1961 Otto Wichterle, mkemia wa Ucheki, alichukua Merkur ya nyumbani, dainamo ya baiskeli na transfoma ya kengele, akaunda kimashine cha kuzungusha kilichotoa lenzi laini za kuvaa jichoni. Kama unavaa lenzi za namna hiyo, asili yake ni flatibaa za matundu mezani kwa mtu. Seti ya kukunja haiwezi kukufanyia hivyo hata uisali.

Ubaya wake? Kwanza sura. Unaunda basi linatoka mifupa ya basi, unaunda ndege inatoka ngazi yenye mabawa. Mwenye kutaka kitu kinachofanana na kitu, hapa atanuna. Pili nafasi, kreni ya maana inaweza kukaa mezani wiki tatu na hamna atakayekula kwenye meza hiyo. Tatu uzito na kelele, bolti ikianguka usiku nyumba nzima inajua uko macho.

Ya kukunja

Hapa unapewa sahani nyembamba za chuma, chini ya nusu milimita, ukubwa wa kiganja hivi, vipande vimekatwa kabisa ila vimeachwa vimeshikilia kwenye fremu kwa vijisehemu vidogo. Mistari yote, matofali, madirisha, riveti, imechorwa juu yake tayari. Metal Earth ya kampuni ya Fascinations ya Marekani ndo inayojulikana zaidi, Wachina wana Piececool ambayo inapenda rangi ya shaba na dhahabu. Hamna gundi, hamna bolti. Kila kipande kina vilimi, kilimi kinaingia kwenye mpasuo wa kipande kingine, unakikunja au unakisokota kikae.

Maelezo ni michoro mitupu, yenye alama moja ya kunja na alama nyingine ya sokota. Usizipuuze hizo alama. Kilimi kilichosokotwa robo mzunguko kinashika kuliko kilichokunjwa ila kinabaki kimesimama kama kijibawa, kwa hiyo kusokota ni kwa ndani kusikoonekana, kukunja ni kwa sehemu ambayo uso utapita au kipande kingine kitalala juu yake.

Ngoja niwaoneshe kwa karibu. Unakata kipande kwenye fremu kwa kikata waya chenye mdomo bapa, unakata pale kinaposhikilia, karibu kabisa, ukiacha kibaki kidogo kitakuja kukuzuia kipande kisikae. Unageuza, upande uliochorwa uwe nje (mara nyingi, kuna vipande vya kukudanganya, angalia mchoro mara mbili). Unashika kwa plaizi ya mdomo mrefu isiyo na meno, isiyo na meno narudia, yenye meno inaacha alama kwenye chuma kinachong'aa na haifutiki. Unakunja kidogo. Unajaribu kama vilimi vyote vinaona mipasuo yake. Vinne vimeona, cha tano kimekataa, unarudisha kidogo. Na hapo kwenye kurudisha ndo penye kaburi, maana chuma chembamba hivi kinavumilia kukunjwa mara moja, mara ya pili kinanung'unika, mara ya tatu kinakatika bila kuaga.

Mi kilinikatikia kwenye kindege, kilimi cha kushikilia bawa, saa mbili nzima nimeshakaa. Nilikuwa nimekisokota upande wa kunja, nikakinyoosha, nikakikunja, kikabaki kwenye ncha ya plaizi kinaniangalia. Dawa yake ni tone la gundi kali kwa ncha ya sindano kwa ndani, na ndo nilivyofanya, kindege kipo, ukikiangalia kwa mbele huoni kitu. Mi naona.

Mviringo ndo mtihani mwingine. Tangi, bomba, mwili wa roketi, vyote vinakuja bapa, unatakiwa uvizungushe viwe duara. Usitumie plaizi, utapata pembe nane badala ya duara. Tafuta kitu cha mviringo chembamba kidogo kuliko duara unalotaka, shina la biti ya drili, kalamu, betri, unaviringishia pole pole kwa vidole, maana chuma kinarudi kidogo ukikiachia. Nikiwa na seti ya bomba nyingi napanga biti za drili zangu mezani kwa ukubwa kama daktari wa meno.

Uzuri wake sio mdogo jamani. Modeli ndogo unaimaliza jioni moja, inafanana kabisa na kitu chenyewe, inakaa kwenye kiganja, na zana zote zinaingia kwenye mfuko wa shati. Unaweza kufanyia kwenye trei mapajani. Kwa mtu aliyechoka na kazi za kompyuta, kile kitendo cha kuona bati bapa linageuka mnara mikononi, we acha tu. Ila ikiisha imeisha. Haizunguki, haifunguliki, huwezi kesho kuigeuza lori. Vumbi likiingia kwenye kimiani cha mnara unalitoa kwa brashi laini unasali usikunje kitu. Na alama za vidole, futa kila kipande kabla hujafunga kwa sababu cha ndani ukishafunga hukifikii tena.

Ya skrubu ndogondogo, na zile zinazotembea zenyewe

Hizi ndo za kuonesha watu. Nge wa chuma, buibui, roboti, chungu, viungo vyote vinapinda, mamia ya vipande vya chuma cha pua na shaba ya njano, skrubu za milimita mbili au chini ya hapo. Kwenye picha hamna zinazozishinda. Kwenye meza ni habari nyingine. Nilichukua mdudu mmoja wa miguu sita kwa mtengenezaji ambaye sitamtaja, mguu wa kwanza ulinichukua saa nzima nikausifu sana, wa pili bado nausifu, wa tatu nikaanza kuuliza mdudu gani anahitaji miguu mingi hivi. Maana miguu yote ni ileile! Kwenye seti ya bolti ukirudia kitu unajua unakoenda, huku unarudia mara sita kwa skrubu ambazo huzishiki kwa vidole, ni kibano tu. Mguu wa sita nikakuta skrubu tatu hazipo kwenye pakiti na hesi zake hazifanani na skrubu yoyote niliyonayo, niliandika kuomba, sijajibiwa, mdudu wangu ana miguu mitano anaegemea kitabu.

Kwa hiyo hapa nakuambia ukweli wangu: kama hupendi kurudia na macho yako ni ya kuvaa miwani ya kusomea, hii iwe ya mwisho. Kama ni mtu wa saa na vifaa vidogo utaipenda.

Ndugu zake ni zile injini ndogo unazounga mwenyewe, na hizi nazipa heshima tofauti kwa sababu zinafanya kitu. Ya Stirling kwa mfano, wazo lake ni la Robert Stirling, hataza ya 1816, hamna moto wa ndani, hewa iliyofungiwa inapashwa upande mmoja inapozwa upande mwingine, inatanuka inasinyaa, gurudumu linazunguka. Kuna ndogo zinazoenda juu ya kikombe cha maji ya moto tu, na ukiiweka juu ya barafu badala ya maji ya moto inazunguka kinyumenyume, watu wazima wanakaa wanaiangalia hiyo midomo wazi. Ila ina kiburi. Nguvu yake ni ndogo mno kwa hiyo msuguano kidogo tu haiendi, shafti ikipinda kama unywele haiendi, ukikaza bracketi imeegemea upande haiendi, ukiijaza oili nzito ukidhani unaisaidia haiendi. Ikigoma usikaze, legeza kila skrubu nusu mzunguko, zungusha gurudumu kwa kidole mpaka ujisikie hamna sehemu inayogusa, afu kaza kidogo kidogo kwa msalaba huku unazungusha.

Basi uchukue ipi

Ukiniambia una jioni moja moja tu na nafasi ya trei, chukua ya kukunja, na uanze na kitu chenye kuta bapa kama jengo au gari la boksi, ndege na vitu vya mviringo viache mpaka cha tatu. Usianze na kubwa ya sahani nyingi kwa sababu ilikuwa na punguzo.

Ukiniambia wewe ni yule mtu anayefungua feni kuona ndani kuna nini, usipoteze muda, nenda kwenye bolti. Na nenda kwenye boksi la kati lenye gia na ekseli. Boksi dogo kabisa mara nyingi lina vipande vya kutosha kitu kimoja tu kwenye picha, ukishamaliza unakaa unaliangalia, utasema hii hobi mbaya, kumbe umenunua boksi baya.

Vidole vikiuma, kwa baridi yabisi au kwa kazi, hapo watu wengi wanashauri vibaya. Wanasema ya kukunja kwa kuwa ni nyepesi. Mi naona kinyume, kubana plaizi mara mia mbili kwa jioni kunaumiza kuliko kuzungusha nati, na bolti unaweza kukaza zote mwishoni. Tena ndo inavyotakiwa, funga zote kwa vidole tu mpaka fremu imesimama sawa, spana inakuja mwisho.

Kama kuna watoto wadogo ndani, hizo skrubu ndogo wala usizilete, na zile kingo za bati la kukunja zinakata, mi nina alama kwenye kidole gumba.

Zawadi kwa mtu usiyejua mikono yake ikoje? Ya kukunja, ndogo, pamoja na plaizi ya mdomo mrefu na kikata waya, maana kumpa seti bila zana ni kumpa kazi ya kutafuta zana.

Na yoyote utakayochukua, kabla hujagusa hatua ya kwanza mwaga vyote kwenye trei yenye ukingo, weka kitambaa cheupe chini, hesabu kipande kwa kipande na karatasi yake. Inachukua dakika ishirini na inachosha. Mi kwa mdudu nilisema ntahesabu nikifika.